Suruali ya Dereva

Mbele ya geti la kambi kulikuwa na vibanda vinne: cha kinyozi, cha mpiga picha, cha muuza chai, na cha Mama Kipimo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na askari, kwa sababu akikutazama mara moja tu, kuanzia ukosi hadi kisigino, amekwisha kujua kiuno chako na urefu wa mguu wako. Futi iliyoning'inia shingoni mwake ilikuwa pambo la kazi, kama mkufu.

"Thelathini na nne kwa thelathini na mbili," alikuwa akimwambia mtu kabla hajavuka kizingiti. "Na bega la kushoto limeshuka. Huko ndani wanakubebesha nini?"

Mgeni asiyeamini alitaka apimwe. Alipimwa, namba zikatoka zilezile, na wenzake wakamcheka.

Kazi yenyewe ilikuwa kurekebisha magwanda. Jeshi, alivyozoea kusema, lina saizi tatu: kubwa, kubwa zaidi, na ile iliyokwisha stoo. Kijana anapewa suruali ya kumtosha yeye na nduguye, basi anaitoa getini imekunjwa kwapani na kuileta kwa Mama Kipimo. Alipunguza viuno, alikata miguu, alishonea watu vyeo vyao vipya mikononi. Mara nyingi alijua nani kapanda cheo kabla mke wa mhusika hajajua, na hakutoa siri. Miaka ishirini na mitatu alikanyaga cherehani ileile, na pale chini paliposuguliwa na unyayo wake palikuwa pameng'aa kama sahani.

Nyumbani alikuwa na mume, mlinzi mstaafu wa ghala, mtu mwema, mwenye maneno mengi na machozi ya karibu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Redio, maana akishawaka hazimiki. Walizaa watatu. Mabinti wawili waliolewa wakaenda mbali. Wa mwisho alikuwa wa kiume, na kwa kuwa alikuwa wa mwisho kila mtu alimwita Kitinda, hata walimu wake.

Kitinda alikulia chini ya meza ya cherehani, akitazama buti zinavyoingia na kutoka. Akarefuka kama aliyevutwa. Alipofika miaka ishirini akasema na yeye anataka kuvaa. Baba yake alilia kwanza kwa woga, kisha kwa fahari. Mama Kipimo alimtazama mwanawe juu hadi chini, akasema, "Hawatakuwa na saizi yako."

Na kweli hawakuwa nayo. Katika magwanda yote yaliyopita mikononi mwake, ya Kitinda ndiyo pekee aliyolazimika kuyarefusha. Kiuno thelathini, mguu thelathini na sita. Aliunga kipande cha nguo chini ya kila mguu wa suruali, na kingine kwenye mikono ya koti, mshono akauficha kwa ndani hata ukaguzi wa kambini haukuuona.

Mwaka wa pili kikosi chake kikapelekwa mpakani. Walikaa huko miezi minane. Alipiga simu pale alipopata nafasi, akasema kuna vumbi, chakula kinashibisha, na dereva wao anawachekesha mpaka mtu anasahau njia ilivyo mbaya. Dereva huyo Mama Kipimo alimfahamu. Alikuwa mteja, mfupi, mnene, jina lake la kambini Pipa.

*

Habari ilifika siku ya Jumanne, mnamo saa nne asubuhi.

Alikuwa anapinda suruali. Akainua macho, akaona watu wawili wanatoka getini wakielekea kibandani: sajenti mmoja aliyemjua siku nyingi, na afisa ambaye hakumjua. Walitembea pamoja, kofia kichwani, na mikononi hawakubeba nguo. Kwa miaka yote ile hakuna mwanajeshi aliyevuka barabara ile kuja kwake mikono mitupu.

Waliposimama mlangoni, sajenti akafungua kinywa.

"Subirini nimalize mshono," Mama Kipimo akasema.

Wakasubiri. Alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo, akarudisha nyuma kidogo kufunga uzi, akaukata kwa mkasi, akaikunja suruali akaiweka upande. Ndipo akageuka. "Haya, semeni."

Lori lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani. Ndani walikuwa sita. Hakupona hata mmoja.

Jambo hilo la mshono lilisimuliwa sana baadaye, maana muuza chai aliliona, na kinywa cha muuza chai hakina mlango. Wengine walisema yule mama ana moyo wa jiwe. Wengine wakasema kachanganyikiwa. Mwenyewe, alipoulizwa na wifi yake, alijibu, "Ile suruali ilikuwa ya mtu."

Mazishi yalikuwa ya kijeshi, kwenye makaburi ya kambi, wote sita kwa siku moja. Masanduku yalifunikwa bendera na kupangwa mstari. Afisa alipita kwenye kila familia akieleza, kwa sauti ya chini na ya heshima, kwamba masanduku hayatafunguliwa. Mzee Redio alilia hadi akashikiliwa huku na huku. Watu wakamzunguka, wakampa maji, wakampepea. Mama Kipimo alisimama kando ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde.

"Lia, wifi yangu," wifi alimwambia, akimkumbatia kwa nguvu. "Lia, utapasuka."

"Nalia," akajibu, macho makavu.

Alichokuwa akifanya ni kutazama masanduku. Hakukusudia, jicho lake lilikuwa limezoea. Yote sita yalikuwa ya urefu mmoja. Akapima la tatu, lililokuwa na jina la mwanawe, kwa macho, mara ya kwanza, mara ya pili. Kitinda hangeenea mle bila kukunjwa magoti. Namba hiyo ikaingia kichwani mwake ikakaa, na hakumwambia mtu.

Siku ya tano alifungua kibanda. Wifi akaja juu: "Watu watasemaje?" Akamjibu kwamba watu wana suruali zao zinasubiri. Akakaa, akakanyaga.

Alikuwa kama mtu aliyelalia mkono, akaamka, akaukuta upo lakini si wake. Alikula, alioga, alijibu salamu. Mabinti walipiga simu kila jioni, naye akawauliza habari za wajukuu na kusikiliza majibu. Siku moja alikuwa anashona begani mwa koti, akaona doa jekundu linatanuka kwenye kitambaa. Akatafuta limetoka wapi. Sindano ilikuwa imepita ukucha na kutokea upande wa pili wa kidole chake. Alizungusha gurudumu la cherehani taratibu kuitoa, akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akaloweka koti la mteja kwenye maji baridi kabla damu haijakauka. Hakusikia maumivu yoyote.

Mzee Redio kwa upande wake alipata njia. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alivaa koti lake la zamani, akaenda makaburini, akasimama mbele ya jiwe la tatu na kumweleza Kitinda habari za wiki: paa limevuja wapi, jirani kagombana na nani, mpira umekwenda vipi. Alirudi macho mekundu lakini amepumua, na usiku alilala. Mama Kipimo alimwonea wivu kidogo, kama unavyomwonea wivu mtu mwenye hamu ya kula. Yeye alikwenda naye mara mbili. Alisimama, akatazama jiwe, akaona herufi zimechongwa sawasawa.

*

Mfuko wa vitu vya Kitinda uliletwa na sajenti yuleyule wiki tatu baada ya mazishi. Ulikuwa wa turubai la kijani, umefungwa kamba, na kwenye kamba kuna kadi yenye namba ya mwanawe. Mama Kipimo akasaini. Mzee Redio hakuweza hata kuutazama. Aliupandisha juu ya kabati kwa kutazama pembeni, akatoka nje. Pale juu ukakaa miezi minne.

"Nguo zikifungwa hivyo zinaliwa na nondo," wifi alisema kila alipokuja. "Nitakusaidia. Tutafungua pamoja, tutalia pamoja, yaishe."

"Nitaufungua," Mama Kipimo akajibu, na hakuufungua.

Siku aliyoufungua haikuwa na sababu. Ilikuwa Jumapili, mume wake yuko makaburini, nyumba imetulia. Akapanda kigoda, akaushusha, akauweka mezani kama ambavyo angeweka mfuko wa mteja yeyote, akafungua fundo. Akatoa sweta. Akatoa fulana mbili, kikombe cha bati, kandambili, taulo lililokakamaa kwa vumbi. Chini kabisa kulikuwa na suruali ya gwanda, imekunjwa. Akaishika kiunoni, akaikung'uta ikafunguka mbele yake.

Arobaini kwa ishirini na tisa.

Kisha akageuza pindo la mguu wa kulia kwa ndani, ingawa alikuwa amekwisha kujua atakachokiona. Mshono ulikuwa wake, lakini uzi ulikuwa wa kahawia. Wiki ile uzi wa kijani ulikuwa umemwishia, naye alimwambia yule dereva arudi Alhamisi, na dereva akacheka tumbo likatikisika. "Mama, tia hata mwekundu! Nani ataangalia miguu ya dereva?"

Ilikuwa suruali ya Pipa. Na kandambili, sasa alipozitazama, zilikuwa fupi na pana. Mwanawe alivaa namba arobaini na sita.

Wazo la kwanza lilikuwa la kifundi tu: mifuko imebadilishana. Wazo la pili likaja nyuma yake, limenyamaza, likakaa kitini. Kama mifuko ilibadilishana, na masanduku je?

Akavirudisha vitu kimoja kimoja, akafunga kamba. Mzee Redio aliporudi alimkuta anapepeta mchele.

*

Jumatatu alivuka barabara, akamwomba mlinzi wa geti amwitie sajenti. Wakasimama kando, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mfuko ulioniletea si wa mwanangu," akasema. "Ni wa dereva."

Sajenti hakubisha. Alivua kofia, akafuta jasho kwenye paji la uso, akaivaa tena. "Mama, samahani. Waliofunga ile mifuko walikuwa hawajalala siku tatu. Ilikuwa sita, imepangwa sakafuni, kadi zinaandikwa kwa mkono. Nipe tu, nitarekebisha kimyakimya."

"Nitaupeleka mwenyewe. Mke wake anakaa wapi siku hizi?"

Akamwelekeza. Mama Kipimo aliaga, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Na masanduku, yalifungwa na watu walewale?"

Mtu yule alikuwa na umbo la mlango, thelathini na nane kiunoni, mabega ya kubebea gogo. Mama Kipimo aliona kwa macho yake jinsi mabega yale yanavyoshuka.

"Mama," sajenti akasema, "nakuomba, hilo usiniulize mimi."

"Basi sikuulizi."

*

Mke wa Pipa alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kupiga pasi mashuka. Baada ya msiba alihama nyumba za kambi, akapanga chumba kimoja ng'ambo nyingine ya mji, nyuma ya karakana ya seremala, mahali ambapo kila kitu, hata majani ya chai, kilinusa unga wa mbao. Mama Kipimo alifika Jumamosi mchana. Alikuwa amekwisha kuamua njiani. Akimkuta yule mwanamke anaamini kwamba alicho nacho ni cha mumewe, hatamwambia lolote. Atamwachia mfuko, atasema ulisahaulika kambini, ataondoka. Mtu akipata pa kushika, huwezi kumbandua vidole.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mchovu, amevaa koti la gwanda juu ya kanga. Mikono ya koti ilikuwa imekunjwa mara tatu.

Mama Kipimo alilijua koti lile kama anavyojua kiganja chake. Pale mkunjo ulipoachia aliona mwanzo wa kipande alichokiunga.

"Shikamoo, mama," akasema mwenyeji. "Wewe ni fundi wa getini. Mama yake Kitinda."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

Akakaribishwa kwenye kiti pekee. Mke wa Pipa akakaa kitandani. Mfuko ukawa mezani katikati yao, kadi yake ikitazama juu. Waliulizana habari za afya, za kazi, za mvua. Kule nje seremala alikuwa anapiga randa, kila baada ya mpigo anapuliza. Kisha maneno ya heshima yakaisha, kama yanavyoisha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Hilo koti," Mama Kipimo akaanza, akasita. "Linakupasha joto?"

Yule mwanamke akajitazama mikono. Akakunjua mkono mmoja mpaka mwisho, ukapita vidole vyake ukaning'inia.

"Mama," akasema polepole, "mume wangu alikuwa akinunua shati, tunakata mikono. Nilijua siku ileile ya kwanza."



"Nilijua, nikavaa. Kwani ningefanyaje? Niende getini niseme koti si lake? Watanipa jingine. Nikishaanza na koti, nitamalizia wapi?" "Unanielewa ninachosema?"

"Nakuelewa."

"Walilibeba sanduku lake vijana sita. Mimi nilikuwa nyuma yao. Walilibeba lepesi, mama. Pipa alikuwa na kilo mia na kumi. Tulikuwa tukipanda kitandani mimi napanda kwanza, maana akitangulia yeye nitaviringika." Alikaribia kucheka, uso ukajaribu ukashindwa. "Wale vijana walikuwa hata hawahemi."

Wakati huo Mama Kipimo akasema kile alichokaa nacho tangu siku ya mazishi. Alikisema kwa sauti ileile anayotajia vipimo. "Masanduku yote yalikuwa na urefu mmoja. Wangu hangeenea."

Randa ikanyamaza kule nje. Seremala alimwita mtu, akajibiwa, akaendelea.

"Unataka tukaulize?" mke wa Pipa akasema.

Mama Kipimo alifikiri. Alifikiri juu ya mume wake na koti lake la Jumapili, anavyosimama mbele ya jiwe la tatu akieleza habari za paa. Alifikiri juu ya sajenti na mabega yake. Akajaribu kufikiri juu ya mwanawe, na kama kila siku, akapata namba tu: thelathini, thelathini na sita.

"Wewe unataka?"

"Hapana."

"Basi hata mimi sitaki."

"Makaburi yao yamefuatana. La wako la tatu, la wangu la nne."

"Ndiyo."

"Mimi nikija nitapalilia yote mawili. Nitayasafisha sawa, maji sawa. Sitabagua."

"Na mimi hivyohivyo," Mama Kipimo akasema. "Tangu leo."

Ndipo akamfungulia mfuko. Alipoitoa ile suruali, mke wa Pipa aliipokea kwa mikono miwili, akageuza pindo akaona uzi wa kahawia. Akaiweka usoni, na sauti iliyomtoka ilimfanya seremala aache kazi kwa siku iliyobaki. Mama Kipimo alisogea akakaa naye kitandani. Aliweka mkono mgongoni mwake na kuusugua, chini na juu, chini na juu, kama mtu anayelainisha kitambaa kabla ya kukata. Alijua kwamba yeye pia angepaswa kulia, ndiyo nafasi yenyewe hii, haitakuja nyingine nzuri kama hii. Alingoja. Hakuna kilichokuja.

Wakati wa kuondoka alikabidhiwa kifurushi: suruali ndefu, soksi, kitabu kidogo cha hesabu za karata ambazo Kitinda, kama inavyoonekana, alikuwa akishindwa kila siku. Mke wa Pipa akavua koti, akalikunja vizuri kwa mkono wa mtu wa pasi, akaliweka juu.

"Kuna baridi," Mama Kipimo akasema. "Baki nalo."

"Nina suruali yangu sasa," akajibu yule mwanamke.

Njiani mvua ilimkuta kituoni. Akalivaa koti. Mikono ikamfunika vidole, naye hakuikunja. Lilikuwa limekaa vizuri mabegani, alilishona vizuri. Hilo ndilo alilolifikiri mpaka anafika nyumbani.

*

Mwaka ulipotimia kambi ikaandaa siku ya kumbukumbu. Walitandaza viti vya plastiki mbele ya makaburi, vya familia vikabandikwa karatasi. Kijana wa itifaki mwenye glavu nyeupe alikaa na orodha, akipanga watu kwa mpangilio wa makaburi. Mzee Redio alipiga suti. Wifi alikuja na vitambaa vitano vya kufutia machozi, akasema kimoja ni chake na vinne ni vya kaka yake. Mama Kipimo alivaa viatu vyeusi vipya ambavyo mabinti walimtumia.

Mke wa Pipa alipofika, badala ya kukaa kwenye kiti alichoonyeshwa, alikibeba akakiweka ubavuni mwa Mama Kipimo. Kijana wa itifaki akafungua mdomo. Wifi alimtazama, kijana akaufunga.

Tarumbeta ikapigwa. Afisa akasoma majina, na kila jina lilipotajwa familia yake ilisimama. Jina la tatu lilikuwa la Kitinda. Mzee Redio akasimama, Mama Kipimo akasimama, na mke wa Pipa naye akasimama. Jina la nne likatajwa. Mke wa Pipa hakukaa. Mama Kipimo naye hakukaa.

"Mama," kijana wa itifaki akanong'ona akiinama, "wa kwenu amekwisha kusomwa."

"Najua, baba," akamjibu. "Endelea na kazi yako."

Maua yalipogawiwa aliomba mashada mawili. Watu walipotawanyika kati ya makaburi, Mzee Redio alimwona mke wake anaweka shada kwenye jiwe la tatu, kisha anaweka jingine, lenye ukubwa uleule, kwenye la nne, na kung'oa vijani vilivyoota pembeni. Na yule mwanamke mwingine alifanya vivyo hivyo, akianzia la nne na kuishia la tatu.

"Mama Kitinda," akamwita kwa upole, "huyu wa pili ni nani?"

Alikuwa na jibu la kweli mdomoni, na alimwona mume wake alivyosimama, uso umefunguka, tayari kupokea chochote. Kila Jumapili mtu huyu alikuwa na mahali pa kwenda. Akimwambia, kuanzia kesho atamwelekea nani?

"Huyu ndiye dereva wao," akasema.

"Ala!" Mzee Redio akasogea, akavua kofia. "Ndiye yule aliyekuwa akiwachekesha?" Akasimama mbele ya jiwe la nne kama anavyosimama mbele ya la tatu, akakohoa kusafisha koo. "Dereva, hujambo. Mimi ni baba yake Kitinda. Nimechelewa kukusalimia, mwaka mzima nakupita kama sikuoni, unisamehe. Nasikia njia ilikuwa mbaya na wewe uliwafanya wasiione. Asante, baba. Asante sana." Na kwa kuwa alikuwa Mzee Redio, akaanza kumweleza habari za paa.

Mke wa Pipa alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono. Machozi yanamtoka, mabega yanacheka.

Mama Kipimo alitaka kumkaribia. Akapiga hatua moja, akasimama. Kulikuwa na kitu mguuni. Akaketi kwenye ukingo wa saruji wa njia, akavua kiatu cha kulia. Kidole kidogo kilikuwa kimechubuka, ngozi imekunjamana pembeni, nyama mbichi inang'aa. Lazima kilianza asubuhi, alipokuwa anatoka nyumbani.

"Vipi?" mke wa Pipa akauliza, akija kuchuchumaa mbele yake.

"Kinauma," Mama Kipimo akasema. Alishangaa. Akakigusa kidogo, akautoa mkono haraka. "Kinauma kweli."

"Hebu vua na kingine."

Akavua na kingine.